Bega la Mmarekani

Jeneza la Mwanamkasi lilipofika begani kwa mumewe, likalala upande.

Mumewe, ambaye Ngamiani nzima ilimwita Mmarekani, alikuwa mrefu mno. Aliyemfuatia kwa urefu mtaani alimfika kifuani.

"Shemeji, pisha," kaka wa marehemu akamwambia kwa upole. "Wewe fuata nyuma tu, thawabu utaipata."

Akapisha. Wanaume wakapokezana jeneza, hata muuza kahawa akapata zamu yake. Yeye akafuata mikono mitupu, kanzu imemwishia ugokoni. Kwao Marekani urefu huu ndio uliomlisha. Watu walijaa viwanjani kumtazama akicheza kikapu, mpaka goti lilipoharibika, akastaafu, akamfuata mkewe Tanga. Leo urefu ule ule unamnyima kumbeba.

Makaburi yalipoanza kuonekana kwa mbali, akajipenyeza mbele tena, akatia bega chini ya jeneza. Kabla hajakatazwa, akakunja magoti, akachuchumaa nusu, kama alivyokuwa akimkaba mtu uwanjani. Goti bovu likalia ko! Jeneza likanyooka.

"Shemeji, hivyo hufiki," kaka akanong'ona.

Mmarekani akaenda hivyo hivyo amejikunja, goti likimtetemeka ndani ya kanzu, na watu wakiendelea na dhikri yao.

Mara mtu akamgusa mgongoni ili ampokee, kama ilivyo desturi.

Mmarekani akalishika jeneza kwa mikono miwili.