Stesheni Iliyotembea

Ifahamike kwa wote, wa karibu na wa mbali, kwamba juma hilo mji wa Kindu ulikuwa unaingia katika historia ya sayansi. Ndivyo alivyotangaza Enjeniya Tshimpaka, aliyetoka Lubumbashi na masanduku ya vyombo, alipofungua mafunzo ya juu ya kupokea na kuchambua ishara za setilaiti. Kabla hajamaliza hotuba, kuku alipita mezani na kuangusha antena.

Aliyeiokota ni Odile, mpimaji wa ardhi, mwanafunzi wa kwanza wa darasa hilo kwa kila jambo.

Mtihani ulikuwa mmoja. Kabla ya vita, wataalamu walilipima jiwe la saruji lenye msumari wa shaba, lililochimbiwa katika uwanja wa stesheni. Namba za mahali lilipo zilijulikana. Wanafunzi walitakiwa wasimamishe antena juu ya jiwe hilo, wasafishe ishara, na wapate namba zilezile kwa tofauti isiyozidi upana wa kiganja. Wakifaulu, kila mmoja angepata cheti, na jiwe lingepata ua wa chuma, na chochote kilicho karibu nalo kingebomolewa kwa heshima ya sayansi. Wakishindwa, kazi ya kupima reli ingepewa wageni.

Odile aliwaongoza mpaka kwenye jiwe. Lilikuwa safi ajabu kwa kitu kilichopitiwa na vita. Enjeniya akalipiga kofi la upendo.

"Saruji ya zamani," alisema. "Siku hizi hawawezi."

Wakasimamisha antena. Chombo kikawaza, kisha kikatoa jibu: jiwe liko mita thelathini na saba kutoka pale linapopaswa kuwa.

"Basi stesheni imetembea," alisema Papa Ayoubu wa shirika la reli. "Treni hazitembei. Afadhali stesheni itembee."

Odile hakucheka. Alieleza kwamba ishara zilikuwa zinagonga mabehewa na kufika zimechelewa, na chombo, maskini, kinazisadiki. Enjeniya alimsifu kwa jibu hilo. Wanafunzi wakavua mashati na kusukuma mabehewa kwa mabega mpaka mwisho wa uwanja, huku wapita njia wakiuliza kama hayo ndiyo mafunzo ya juu.

Mita thelathini na saba.

Odile akailaumu anga. Hapa kwetu karibu na ikweta, alisema, jua likizama hewa ya juu inachafuka na ishara zinapepesuka. Wakangoja asubuhi. Mita thelathini na saba. Akashauri wazitupe setilaiti zote zinazoonekana chini chini, juu ya miti ya ng'ambo ya Lualaba. Wakazitupa, wakatupa na nyingine, mpaka chombo kikabaki na setilaiti chache kama mkutano uliobaki na mwenyekiti na mlinzi. Jibu halikutikisika.

"Enjeniya," alisema Arsène, mnene wa darasa, "chombo kinasema jiwe njo liko kule. Twende basi tuone."

Wote wakafuata kidole chake. Kilikuwa kinaelekea jikoni kwa Mama Kanku.

"We Arsène!" Odile akaruka. "Tumbo yako njo setilaiti?"

Darasa likaangua kicheko, Enjeniya naye, kwa kuwa tangu juma lianze hapakuwa na wazo la Arsène ambalo halikuishia jikoni.

Mama Kanku, mama mzazi wa Odile, ndiye aliyewapikia, palepale uwanjani, chini ya anga tupu. Alianza kupika hapo wakati wa vita, treni zilipokoma na watu wakapanda mihogo katikati ya reli. Askari wa kila upande walipita wakipiga mateke majiko ya akina mama, na yote yaliruka isipokuwa la kwake. Mpaka leo sufuria yake haijawahi kuinama. Watu wa kanisani kwake walisema ni maombi.

Siku ya mwisho Enjeniya alikubali kwamba ameshindwa. Alisema vyeti havipo, kisha akatazama pembeni. Papa Ayoubu akapenga kamasi. Hata Odile, aliyekuwa na mengi zaidi ya kupoteza kuliko wenzake, aliinamisha kichwa.

"Tule kwanza," alisema Arsène.

Enjeniya alikwenda jikoni na fimbo ya antena mkononi, maana huzuni ilimsahaulisha kuizima. Bugali hauliwi kwa mkono mmoja ulioshika fimbo, kwa hiyo akaichomeka ardhini kando ya moto.

Chombo kikalia kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Enjeniya akasoma. Mita moja. Akaisogeza fimbo. Nusu mita. Akaisogeza tena, mpaka ikawa inaelea juu ya mvuke wa sombe ya majani ya mihogo.

"Mama, tafadhali, toa sufuria."

"Haijaiva bado, Enjeniya."

"Mama Kanku. Ninakuomba."

Mama Kanku akamtazama binti yake. Binti yake akatazama mabehewa.

Sufuria ikatolewa. Mafiga mawili yalikuwa mawe ya mtoni, ya mviringo. La tatu lilikuwa la mraba, jeusi tii, limezama ardhini kama jino la mwisho, na katikati yake msumari wa shaba ulikuwa unang'aa kwa kusuguliwa na sufuria miaka yote hiyo.

Enjeniya akasimamisha antena juu yake, akangoja, akasoma: upana wa kidole. Wote walikuwa wamefaulu. Hakuna aliyeshangilia. Enjeniya aligeuka polepole, akalitazama lile jiwe safi kule lilikokuwa, kisha akamtazama mwanafunzi wake wa kwanza.

"Odile. Na lile?"

"Nililimwaga mwenyewe, Enjeniya," alisema Odile. "Ni saruji iliyobaki ya kujengea choo."