Damu ya Shangazi

Muda aliokuwa nao Mama Ndoo ulikuwa ule wa mtu kunawa mikono, basi.

Daktari, msichana bado, alikuwa ameinama bombani nje ya banda, kampa mgongo. Juu ya pipa vilisimama vichupa viwili vya damu, bado vina joto, kila kimoja kimefungwa kikaratasi cha jina kwa mpira. Mama Ndoo akavua mpira wa kwanza, akavua wa pili, akabadilisha vikaratasi, akafunga tena. Miaka kumi na tisa ya kukamua ilikuwa imempa vidole vyepesi. Daktari aliporudi akijipangusa kwenye koti lake, alimkuta ameshika fagio.

Basi sasa, kwa hesabu yake, damu ya Bi Harusi ingekwenda maabara kwa jina la Shangazi, na ya Shangazi kwa jina la Bi Harusi.

Shangazi alikuwa ng'ombe. Aliitwa hivyo kwa kuwa ndiye wa kwanza kufika horini na wa kwanza kuwagombeza wenzake. Mimba mbili za mwisho zilikuwa zimemtoka, na sasa alibeba nyingine. Meneja hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemnunulia Mama Ndoo viatu vya mvua, vya zamani vilipotoboka. Lakini alikuwa amesema, kwa upole, kwamba shamba si nyumba ya wazee. Damu ya ng'ombe mwenye mimba, daktari aliwaeleza, hubeba alama. Zikiwa nyingi, ndama ameshika vizuri. Zikiwa chache, mimba itatoka wiki chache zijazo, hata kama mwenyewe anakula na kunenepa. Alama za Shangazi zikiwa chache, lori la machinjioni lingemchukua Ijumaa.

Bi Harusi, jirani yake bandani, alikuwa mtamba mwenye mimba ya kwanza, anatembea taratibu kama anayeogopa kukanyaga shela. Yeye hata majibu yakiwa mabaya angepewa nafasi nyingine. Ndivyo Mama Ndoo alivyojiambia.

Siku mbili hakutulia. Alimwaga maziwa, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Alimtilia Bi Harusi majani mara tatu kwa asubuhi moja, lakini kumtazama machoni alishindwa. Wakamuaji wenzake walimtania kwamba labda majibu yanayosubiriwa ni yake.

Daktari naye alipita bandani mara mbili bila kazi yoyote, akamkuna Shangazi nyuma ya masikio, akaenda zake. Mama Ndoo alikumbuka siku ile ya damu, jinsi msichana huyo alivyouliza amekaa na Shangazi muda gani. Alimjibu kwamba alimpokea kwa mikono yake akizaliwa. Msichana akakawia sana kufunga vile vikaratasi. Moyo wa namna hii, Mama Ndoo alijisemea, haustahili kudanganywa.

Alhamisi majibu yakaja. Shangazi, alama tele. Bi Harusi, chache mno.

Meneja alimpigapiga Shangazi mgongoni, akasema kikongwe huyu kamuumbua mchana kweupe. Kisha akamgeukia daktari: hakuna haja ya kungoja mimba ya mtamba itoke yenyewe. Amchome leo ile sindano ya kusafisha tumbo, apandishwe tena mapema. Akatoka.

Mama Ndoo alisogea karibu na Bi Harusi. Hili hakulifikiria.

Daktari alijaza sindano akiwa ameelekea ukutani. Aliposogea shingoni mwa Bi Harusi, Mama Ndoo alimshika mkono.

"Usimchome, mwanangu. Ndama wake ni mzima. Nilibadilisha vikaratasi ulipokwenda kunawa. Nifukuzeni mimi, lakini huyu usimchome."

Daktari hakufoka. Alisukuma bomba la sindano, mchirizi ukaangukia sakafuni.

"Ni maji tu, mama. Dawa nisingemchoma."

Mama Ndoo alicheka huku machozi yakimtoka, akamshika msichana mashavu kama mama anavyomshika mtoto aliyerudi salama.

"Kumbe ulijua."

Lakini daktari hakucheka. Alikaa polepole juu ya ndoo iliyopinduliwa, sindano tupu mapajani.

"Lako sikulijua," alisema. "Nilijua langu. Mimi nilishavibadilisha kabla sijaenda kunawa. Wewe ukavirudisha."

Nyuma yao Bi Harusi alikuwa akicheua, taratibu, macho ameyafumba nusu.