Mama Amefutwa

Mshauri wa ajira aliona kwenye wasifu wangu wa mtandaoni kwamba naishi na mama. “Waajiri wanataka msichana asiye na mzigo,” akasema, nami nikamfuta mama humo.

Sikukumbuka kwamba mlango wetu, kama milango yote siku hizi, husoma wasifu na haufunguki, hata kutoka ndani, mtu asiyemo akiwa nje.

“Tunu, mbona mlango unaniuliza mimi ni nani?” mama akaita, ametoka sokoni na samaki wake.

“Subiri, mama, nakurudisha.”

Nikafungua wasifu, nikakuta ujumbe. Niliusoma mara mbili nisiamini: nimepata kazi, ila nikibadilisha neno lolote kwenye wasifu, naikosa. Nikamsomea mama mwanzo tu.

Akapiga vigelegele kule nje. “Haya nifungulie basi, mwanangu, nikukumbatie!”