Waya Mweusi Kwanza

Kwanza bibi alivua pete ya ndoa, akaitia mfukoni. Kisha akatega sikio ubavuni mwa gari kuhakikisha mumewe bado anakoroma.

Anakoroma. Afadhali.

Gari lao la matembezi, lenye kitanda na jiko ndani, lilikuwa bandani likingoja mvua zipite. Mzee alipenda kujilaza humo baada ya chakula cha mchana, mapazia yote chini, giza kama ndani ya chungu.

Na leo humo ndani kulikuwa na kitu kisichoonekana wala kushikika, nacho kimejaa tele. Gesi. Mzee alibandika chai, moto ukazimika, yeye hana habari. Pua yake ilikufa tangu ile homa ya mwaka jana.

Mtungi wa gesi, ulio huku nje, bibi alikuwa ameshaufunga. Ilibaki betri. Mwambie mzee kuna gesi, atawasha taa aitafute! Mwamshe polepole, ni yale yale: mkono wake hufika kwenye swichi kabla macho hayajafunguka. Hata mlango hakuthubutu kuugusa, kwa jinsi unavyolia. Cheche moja tu, hata ya pete kugusa betri, basi.

Akapiga goti kwenye kisanduku cha betri, huku nje. Waya mweusi kwanza, ule wa hasi. Spana ikateleza kwa jasho.

"Bibi we," sauti ikatoka ndani, nzito kwa usingizi. "Unachokonoa nini huko kama panya?"

"Nafagia tu, baba. Lala."

"Wewe, kufagia banda? Basi leo itanyesha mvua ya mawe."

"Lala, nimesema!"

Kitanda kikalia. Anajigeuza, au anaamka? Nati ikalegea. Waya mweusi ukachomoka. Akaukunja mbali, akauzungushia kitambaa. Mwekundu nao ukafuata.

Ndani, swichi ikabonyezwa. Ta! Hakuna kitu. Ta! Giza.

Bibi akaketi chini pu, akicheka na kulia kwa pamoja. "Mzee wangu, njoo nje! Njoo upesi!"

"Nije vipi na giza hili, nijivunje kiuno? Taa imekufa." Akamsikia akipapasa mezani. "Tulia, mke wangu, naja. Kiberiti hiki hapa."