Wengi Wape

Siku hizi hata kanisani mambo ni demokrasia: mkosaji husamehewa kwa kura za jumuiya. Simu ya Rwegasira ilipolia, alisoma matokeo, akavuta kiti mezani kama mgeni rasmi.

"Wengi wape, Mama Muganyizi."

Mkewe huyo, Kemilembe, ndiye aliyekosewa, na alikuwa amepiga kura ya hapana peke yake. Alimmiminia chai. Alikumbuka kosa la mumewe la ujanani: alimnunia mpaka alipomkuta jikoni akimchambulia senene, wale panzi wa kuliwa, aking'oa vichwa na kuacha mabawa yanayopaswa kung'olewa. Alicheka hadi machozi, na msamaha ukamtoka wenyewe.

Jana alimkuta tena na senene, akikosea vilevile. Alikibana kicheko, akakiweka ili leo kimtoke pamoja na msamaha.

Rwegasira alimsogezea bakuli la senene, nusu yao hawajachambuliwa.

"Malizia wewe," alisema. "Mimi nimeshasamehewa."