Taa Alizofunga Kiende

Beverlyne alipomaliza kujifunga kitambaa cha marehemu kichwani, Ciakuthii aligeukia ukuta. Hakutaka kumwona sawasawa kabla ya wakati wake.

"Anti, kweli namfanana?"

"Usiongee," Ciakuthii alisema. "Ni sauti tu isiyofanana."

Beverlyne alikuwa mtoto wa dada yake. Koti la kijani alilovaa na viatu vya mpira vilikuwa vya Kiende, binti wa pekee wa Ciakuthii, aliyezikwa hapa Kianjokoma kabla ya mvua za masika, kando ya majani chai. Tangu hapo mama huyu hakuwa amepata usingizi wa maana. Kila jua lilipozama, shamba la maua ng'ambo ya mto liliwaka. Vile vivungulio, mabanda marefu ya plastiki, viligeuka rangi ya waridi iliyokaribia zambarau, na mwanga ule ukavuka bonde, ukaingia dirishani mwa jikoni, ukatua juu ya sufuria na juu ya mikono yake. Taa zile zilifungwa na Kiende.

"Ni za LED, mama," alikuwa amemweleza akicheka. "Ni za kuyadanganya maua. Yakiziona, yanafikiri bado ni mchana, yanaendelea kurefuka."

"Na yanakubali kudanganywa?"

"Yatajuaje? Kazi yao ni kuangalia mwanga tu."

Kisha jioni moja stima ikamuua. Kampuni ilisema alizembea: aliteleza kwenye ngazi akifunga taa, akadaka waya uliokuwa na moto. Neno hilo la kuzembea lilitoka kwa msimamizi wake, Njura. Ni Njura aliyekaa naye nyuma ya pikapu wakimkimbiza hospitalini, na ni mikononi mwake Kiende alimokata roho, kabla hawajafika lami.

"Alisema nini mwishoni?" Ciakuthii alimwuliza siku ya mazishi.

"Hakusema kitu, Mama Kiende."

Alijibu akitazama chini, na kabla kaburi halijafukiwa alikuwa ameshaondoka.

Toka siku hiyo, akimwona Ciakuthii sokoni alivuka barabara. Kanisani aliacha kuja. Gladwell, aliyekuwa akichuma maua pamoja na Kiende, alisema Njura siku hizi huongea peke yake ndani ya kivungulio alimoangukia Kiende, na jioni hakubali mtu mwingine aguse swichi. Watu wakajumlisha wenyewe: Njura ndiye aliyewasha stima msichana akiwa bado juu. Wakamnyima salamu. Dukani akisimama kwenye foleni, waliokuwa mbele yake walisogea kando kana kwamba ananuka. Hata mara moja hakujitetea, na hilo ndilo lililomthibitishia Ciakuthii kila kitu.

Kama hawezi kuwaambia walio hai, aliwaza, basi atamwambia aliyekufa.

Gladwell alikubali kuwafungulia mlango mdogo wa nyuma, na kukaa hapo awe shahidi, ili wakifika polisi wasiambiwe kwamba ni maneno ya mama mwenye uchungu.

Waliingia jua likimalizikia nyuma ya miti. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya mbolea, na matone yaliteremka kwenye plastiki polepole. Ciakuthii na Gladwell walichuchumaa nyuma ya kreti za maua. Beverlyne akaenda kusimama mwisho kabisa wa matuta, katika giza, kama alivyoagizwa.

Mlango mkubwa ukafunguliwa. Njura akaingia peke yake, akaenda ukutani, akabonyeza swichi.

Taa ziliwaka mstari baada ya mstari, zikielekea nyuma. Mstari wa mwisho ulipowaka, msichana akaonekana.

Ciakuthii alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Katika mwanga ule ngozi haikuwa ya mtu tena. Midomo ilikuwa myeusi, macho yamezama, na koti la kijani limegeuka jeusi kama lililoungua. Alijua ni Beverlyne. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga vifungo. Hata hivyo miguu yake ilitaka kuinuka imkimbilie, na ilibidi Gladwell amshike bega kumrudisha chini.

Alingoja ukelele. Alingoja kumwona Njura akitimua mbio, akijikwaa kwenye mipira ya maji, akiomba msamaha kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Njura alivua kofia.

Akatembea kati ya maua taratibu, kama mtu anayekwenda kumsalimu mwenyeji wake, hadi akakaribia kumfikia msichana. Hapo akapiga magoti kwenye udongo uliolowa.

"Nilijua utakuja kuniuliza," Njura alisema.

Gladwell alimfinya Ciakuthii mkono. Sasa.

"Kiende, mimi nimechoka. Watu wananiita muuaji. Mama yako ananitazama hivyo hivyo, na sina la kumjibu, maana nikianza nitamaliza yote." Alijifuta uso kwa kofia. "Lakini ulinishika shati ukaniapisha ndani ya ile pikapu, na mpaka leo sijasema. Lala salama. Mama hajui, na kwangu hatajua kamwe, kwamba uliachilia ngazi ili upokee simu yake."