Gauni la Kijani

Nabintu alijishonea gauni la kitenge cha kijani kwa ajili ya mkutano wa nchi jirani wa kutetea haki za wakimbizi. Alikuwa amealikwa kuzungumza. Nyuma ya jukwaa mwandalizi, Bi Hidaya, alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu, akasikitika.

"Mama, umependeza mno. Wakubwa wakikuona hivi hawataamini kama u mkimbizi."

"Nimekuja mbele za watu, mama. Ulitaka nivae nini?"

"Ile nguo uliyokimbia nayo. Hukuileta?"

"Ile ilikuwa sanda ya mwanangu. Tulimzika nayo njiani."

Bi Hidaya alifuta machozi, machozi ya kweli kabisa. "Hayo hayo, mama, kayaseme kule mbele." Kisha akamwita mfagiaji, akamwomba khanga yake iliyochakaa, akamfunga Nabintu kifuani, akaivutavuta mpaka ule ukijani ukafichika.

Jina lake lilitajwa, makofi yakalia. Nabintu alipanda jukwaani, akasimama mbele ya kipaza sauti, akawatazama wote. Vidole vyake vilikuwa kwenye fundo la khanga, vinalifungua.